Bomba la Chuma na Safari ya Pili ya Nyakatuntu

Safari hii tuliifanya kwa sababu ile ya kwanza ilitushinda. Wengi hapa Bugene mmesikia habari hiyo nusunusu, na juzi baada ya misa watu waliniuliza kama ni kweli tuligeuka njiani na rubisi yetu, pombe ya ndizi ya kupeleka ukweni. Ni kweli. Kwa hiyo naeleza yote tangu mwanzo, ingawa mimi shule niliiacha darasa la nne na kupanga maneno si kazi yangu. Nikipotea njia, nivumilieni, nitarudi.

Kitinda mimba wangu, Jovin, alipata mchumba kule Nyakatuntu, wilaya ya Kyerwa. Binti anaitwa Adventina, baba yake ni Ta Justinian. Sisi huku mtu mzima wa heshima tunamwita Ta, na mama tunamwita Ma, hata kama umemkasirikia. Tulipangiwa siku ya kwenda kujitambulisha. Gari letu siku hiyo lilikuwa Muleba kwenye mazishi na mwanangu mkubwa, Projestus, basi tukakodi jingine, aina ileile kama letu. Ni yale magari ya familia ya watu saba, siku hizi yamejaa Kagera nzima, na ugonjwa wake unajulikana kwa kila fundi. Nyuma ya injini kuna bomba fupi la plastiki linalopitisha maji. Likizeeka linakauka, siku moja linapasuka, maji yote yanamwagika. Dereva asipowahi kuona anaendelea kukanyaga mafuta, na hapo silinda hedi inapinda, injini imekwisha.

Siku ile lilipasukia mlimani, mbele ya Nkwenda. Tulikaa kando ya barabara mpaka jua likageuka. Simu hazikushika. Kule Nyakatuntu walikuwa wamepika, wazee wamekaa, shangazi wa binti amevaa vitenge vyake. Hatukufika. Kesho yake nilipompigia Ta Justinian kumweleza, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Watu wasiotaka kuja huwa hawakosi gari bovu." Akakata simu.

Ilibidi watu wa heshima waingilie kati, wa kwao na wa kwetu, ndipo tukapewa siku nyingine. Lakini alituma neno: tusipofika safari hii, tusiombe ya tatu, binti ana wachumba wengine. Jovin alinyamaza nyumbani wiki nzima kama mtu aliyefiwa. Mama yake ndiye aliyesema kwa niaba yake, na mke wangu akianza kusema kwa niaba ya mtu, heri mtu mwenyewe angesema.

Kayanga, siku chache kabla ya safari, Projestus alinipeleka gereji. Sasa gari ni letu, ni zima, halijachemsha hata siku moja. Lakini bomba lake ni lilelile la plastiki. Fundi, kijana mmoja mwenye maneno mengi anayeitwa Deo, akatuonyesha bomba la chuma chepesi. Halikutengenezwa na wenye gari, limetengenezwa na watu wengine walioona magari mengi yakifa kwa ugonjwa huo mmoja. Akasema tubadilishe kabla ya kwenda.

Mimi nilikataa. Bei yake ilikuwa ya mtu kufikiri mara mbili, lakini si bei iliyonikera. Kilichonikera ni kutoa kitu kizima. Nilimuuliza tangu lini mgonjwa akatibiwa kabla ya kuugua.

"Mzee, wewe kwenye migomba unapalilia lini? Ukingoja magugu yazae?"

"Magugu nayaona. Hilo bomba silioni."

"Ndiyo maana linaua," Deo akasema, akaendelea kufungua nati, maana Projestus alikwisha mlipa.

Alipolitoa lile la zamani nililichukua nikaligeuza mkononi. Lilikuwa zima. Rangi imefifia kidogo, basi. Nikamtazama Projestus kwa jicho la kumwambia tumeibiwa mchana kweupe, yeye akajifanya anaangalia matairi.

Wakati huohuo ndipo alipoingia shemeji yangu Respicius, kaka wa mke wangu, mtu wa mizaha ambaye kila jambo analo dawa yake. Yeye naye alikuwa na kinga. Alisema magari haya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, limening'inia mno, na mawe ya Kyerwa yatalitoboa. Amekwisha zungumza na mchomeleaji wa Omurushaka, amemkatia kipande cha pipa la zamani, chuma kizito, kifungwe chini ya injini yote kama ngao. Hakina tundu hata moja ili vumbi lisipande. Deo akasema hapana, chuma hicho kitaziba hewa na injini itapata joto. Respicius akamjibu kwamba mafundi hawapendi dawa isiyotoka kwao.

Mimi nikawa upande wa shemeji, na ngao ikafungwa. Ngao ile uliweza kuigonga kwa fimbo ukaisikia. Bomba la Deo lilikuwa limejificha huko nyuma, halisemi kitu. Mpaka leo nikikumbuka nacheka: dawa ya ugonjwa uliokuwapo niliipokea kwa kununa, na dawa ya ugonjwa wa kudhani nikaipigia makofi.

Bugene, alfajiri ya safari, tulipakia madumu ya rubisi, mikungu ya ndizi, mbuzi tukamtanguliza kwa pikipiki tangu jana yake ili asitutie harufu kwenye kanzu. Tulikuwa watu watatu tu, mimi, Projestus kwenye usukani, na Respicius ambaye ndiye msemaji wetu. Wengine walitaka kuja, nikakataa, gari liwe jepesi. Mke wangu alisimama dirishani kwangu akanirekebisha kola. Akasema tukishindwa tena nisije kumweleza yeye, nikamweleze Jovin.

Omurushaka tulipita maduka yakifunguliwa. Kutoka pale tukaingia upande wa Kyerwa, na kabla ya muda mrefu tukawa kwenye vumbi jekundu na mawe. Asubuhi ile ilikuwa nzuri, ukungu umelala mabondeni na migomba imetoa vichwa juu yake. Zamani njia hizi nilizipita kwa baiskeli, nikipeleka kahawa, na sikumbuki hata siku moja niliyofikiria maji ya injini. Kila jiwe lililoruka likagonga chini, Respicius alinigusa bega kutoka nyuma. "Umesikia, shemeji? Hilo lilikuwa la sampo." Jiwe lingine likigonga, ananigusa tena. Mpaka Nkwenda bega langu lilikuwa limeshaelewa.

Mlimani, mbele ya Nkwenda, pale palepale tulipokwama safari ya kwanza, Projestus aliacha kuongea. Nikamtazama, yeye anatazama dashibodi. Nikatazama na mimi. Mshale wa joto, uliokuwa umelala katikati tangu Bugene, umeanza kupanda. Ulipanda polepole kama mzee anayepanda ngazi, lakini ulipanda. Lori lilikuwa mbele yetu, tunatambaa nyuma yake. Nilimwona Ta Justinian akiwaambia wazee wake, mnaona sasa, na safari hii ni gari tena.

Projestus hakungoja mshale ufike juu. Alisimamisha, akazima, tukatoka. Wote watatu tulikuwa na wazo moja, bomba. Hata mimi niliyelikataa nilikuwa nimekwisha andaa maneno ya kumwambia Deo. Boneti ikafunguliwa. Projestus akainama na tochi ya simu, akapitisha kidole kulizunguka bomba lote.

"Kavu, baba," akasema. "Halijatoa hata tone. Maji yote yamo."

Kisha akapeleka mkono chini, akaurudisha haraka akiupuliza. Ile ngao ilikuwa ya moto kama kikaango. Injini imefungiwa chini kwa chuma kisicho na tundu, tunatambaa mlimani nyuma ya lori, hewa ya moto haina pa kutokea. Tulimtazama Respicius.

Yeye mwenyewe, nampa sifa yake, hakubishana. Alivua koti, akakunja kanzu mpaka kiunoni, akalala chini kwenye vumbi na spana. Boliti moja ilikataa, akaitukana kwa Kinyambo, lugha yetu, maneno ambayo siyaandiki hapa. Chuma kilipodondoka na kupoa kidogo, tulikosa pa kukiweka, maana buti limejaa rubisi na ndizi. Akakipakata mapajani juu ya gunia. Tulipowasha na kupanda, macho yetu yote yalikuwa kwenye mshale. Ukashuka. Ukarudi katikati, ukalala pale, na haukuinuka tena siku nzima. Mwanangu akashusha pumzi, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango kwa mikono miwili.

Kimuli, mahali ambapo barabara inanyooka kati ya mashamba, tuliona gari kama letu limesimama pembeni, boneti wazi, moshi mweupe unatoka. Kando yake mwanamume wa suti, na kwenye kigoda, chini ya mwavuli, mama mzee wa vitenge vya harusi. Desturi yetu mtu hapiti gari lililochemsha bila kuuliza, basi Projestus akasimama. Mwanamume akageuka. Nilimjua mara moja, nimewahi kumwona kwenye mauzo ya kahawa. Alikuwa Ta Justinian.

Na yeye alinijua. Nilimwamkia, akaitikia akiangalia viatu vyake. Kumbe alfajiri alitoka Nyakatuntu kumfuata dada yake, Ma Leokadia, anayekaa Kimuli. Bila shangazi huyo binti hatolewi, hilo hata nyinyi mnalijua. Walipoanza kurudi, gari likaanza kunuka. Ma Leokadia ndiye aliyesikia harufu, na kwa maelezo yake mwenyewe alimpiga kaka yake mwavuli mgongoni mpaka akazima.

"Hawa ndio wale wasiokuja?" Ma Leokadia akamuuliza.

Ta Justinian akasema ndiyo.

"Mbona wao wamefika na wewe ndiye umekwama?"

Projestus alikwisha zama kwenye injini yao. Akatoka na vipande vya plastiki mkononi, bomba lilelile, ugonjwa uleule. Nilichukua kipande nikakibonyeza kwa dole gumba, kikasagika kama ganda la yai. Na kwa nje kilikuwa bado kinang'aa. Hapo ndipo nilipomwelewa Deo, pale kando ya barabara, na sikuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Projestus akamwambia Ta Justinian kwamba kwa kuwa alizima mapema, huenda injini imepona, lakini leo haliendi popote.

Sasa tukawa na shida ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Wageni wa posa husimama irembo, pale mlangoni pa kibanja, wapige hodi, na mwenye nyumba atoke ndani awapokee. Mwenye nyumba huyu hapa, yuko nasi barabarani, saa zinakwenda. Tukimwacha, hakuna wa kutupokea. Tukimleta, tutapiga hodi kwa nani, na sisi tumempakia mwenye mji kama mzigo? Ta Justinian alisema tutangulie, yeye atatafuta pikipiki. Dada yake akasema yeye na umri wake hapandi pikipiki na vitenge hivi.

Ni Ma Leokadia aliyekata shauri. "Tutapanda gari lao," akasema. "Ila mimi sijawaona, na wewe hujawaona."

Tukapanda. Ma Leokadia akaketi karibu na Respicius, akamtazama kanzu yenye vumbi, akatazama kile chuma mapajani.

"Hiyo ndiyo zawadi yetu?"

"Hapana, Ma. Ni ngao."

"Mmekuja kuoa au kupigana?"

Ta Justinian alikuwa amekaza uso tangu mwanzo, lakini hapo nilimwona kwenye kioo akigeukia dirishani, mabega yakitikisika.

Nyakatuntu tulisimama kabla ya kufika kwake, penye kibanja cha jirani. Kaka na dada wakashuka, wakakata kupitia migomba ya jirani ili waingie kwao kwa mlango wa jikoni. Tuliwangoja. Kutoka garini tuliona mwavuli ukipita juu ya majani, ukisimama, ukipita tena. Tulipoona muda umetosha wawe wamefika, tukasogeza gari mpaka irembo, tukashuka, Respicius akajipangusa, akapiga hodi kwa sauti ya kanisani.

Ta Justinian akatoka mlango wa mbele, ana jani kavu la mgomba limenasa kwenye koti. Akatutazama kama watu aliowaona leo kwa mara ya kwanza, akauliza tunatoka wapi.

"Bugene, Ta," Respicius akajibu. "Safari njema, hatukukutana na mtu."

Ndani mtu alikohoa. Nilijua ni nani.

Tukakaribishwa. Ikaletwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kila mmoja akachukua punje zake. Maneno yakaanza vizuri, Respicius anajua kusema, lakini hayakufika mbali. Baba mdogo wa binti, mtu mwembamba aliyekaa karibu na mlango, akasema yeye hawezi kuendelea kabla ya kuelezwa jambo moja. Siku ile walikaa hapa toka asubuhi. Chakula kilipoa. Majirani waliwacheka. Watu hawa walileta habari ya gari. Yeye anauliza, nani hapa anaamini habari ya gari?

Respicius, msemaji wetu, akanitazama mimi. Nilijua kwamba nikisema habari ya bomba la plastiki mbele ya wale wazee, litaonekana neno lilelile la siku ile. Safari yote, chuma chote, mlima wote, vilikuwa vimetuleta mpaka kwenye swali hilo tu.

Ta Justinian akaondoa lile jani kwenye koti lake, akaliweka mezani.

"Mimi naamini," akasema. "Langu liko Kimuli sasa hivi, limekufa kwa ugonjwa huohuo. Hawa ndio walionileta nyumbani, mimi na dada yangu. Nimepitia jikoni kama mwizi ili nije niwapokee. Neno nililowaambia siku ile kwenye simu nalirudisha."

Wazee walimgeukia. Ma Leokadia akapiga magoti yake kwa viganja, akacheka, na akishaanza yeye hakuna aliyebaki. Hata baba mdogo, aliyejaribu kujizuia, alitema kahawa yake mkononi. Mengine yalikwenda kama maji. Binti aliitwa, shangazi akamshika mkono, akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Adventina akasema anawafahamu. Rubisi ikafunguliwa, siku ya mahari ikapangwa, na mimi nilikula ndizi mpaka nikaona aibu.

Tulipokuwa tunaondoka, Ta Justinian alinisindikiza mpaka garini akaomba aone hilo bomba. Projestus akamfungulia boneti. Alitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama kweli inafaa mtu kununua kitu cha namna hii wakati gari bado zima. Nilimjibu kama ninavyowajibu nyinyi. Siwezi kuapa kwamba plastiki yetu isingetufikisha. Labda ingetufikisha. Kitu ambacho kazi yake ni kuzuia, ukikipata kinafanya kazi huoni lolote, ndiyo tabu yake. Lakini ugonjwa ukiwa unajulikana, umeua magari ya jirani zako, na ukija unaondoka na injini nzima, basi toa kile kidhaifu kabla hujaenda mahali ambapo huwezi kushindwa kufika. Ugonjwa wa kudhani uache. Na usifunge kitu cha kuzuia shida moja bila kuuliza kinaziba nini kingine. Nikamwambia akitaka mfano, shemeji yangu anaupakata. Respicius alisema kile chuma sasa ni mlango wa banda la kuku.

Kimuli, wakati wa kurudi, tulipita gari la Ta Justinian likiwa limefunikwa turubai, na baadaye tukasikia kwamba injini yake ilipona. Mlimani jua lilikuwa linashuka nyuma yetu, mshale umelala. Projestus aliimba nyimbo za kwaya, kwa sauti mbaya, na hatukumzuia.

Bugene, mke wangu alikuwa amesimama barabarani. Hakungoja nishuke. Nilipomwambia wamekubali, alikaa kwenye jiwe pale pale, akafunika uso kwa kanga kidogo, kisha akainuka akauliza kama Respicius aliharibu kanzu.

Asubuhi yake Jovin alikuwa ameshaosha gari kabla sijaamka. Akamwomba kaka yake amwonyeshe hilo bomba watu walilokuwa wanalizungumzia. Projestus akafungua boneti. Jovin akainama, akatafuta, mpaka akaelekezwa kwa kidole.

"Kadogo hivi?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ni hako. Akachukua kitambaa, akapangusa vumbi la Kyerwa lililokuwa juu yake, akaendelea kupangusa hata lilipokwisha.